Saa Elfu Nane

Mkaguzi wa kaunti alikuwa amepiga magoti mbele ya paneli ya umeme, tochi ameing'ata kwa meno, na Benadetha Wambura amesimama nyuma yake akishika kifuniko cha chuma kwa mikono miwili. Chumba cha chini cha nyumba ile kilinuka sabuni ya kufulia na vumbi la jipsamu. Mkaguzi alivuta waya mmoja, akavuta wa pili, akajaribu kila skrubu kwa bisibisi, kisha akainuka akipangusa magoti. Hakuona kosa. Alikuwa hajaona kosa katika kazi ya mama huyu kwa miaka mingi, na alishaacha zamani kumsifia. Kawaida yake ilikuwa kubandika karatasi ya kijani, kusaini na kuaga.

Siku hiyo hakuaga. Aliomba kuiona kadi yake ya leseni, ambayo hakuwahi kuiomba tangu walipozoeana, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa tochi. Halafu, kwa sauti ambayo watu huitumia kupeana habari za mgonjwa, akamwambia kwamba huenda hataiomba tena kadi hiyo. Mwisho wa mwezi kaunti ingeacha kutoa leseni zake. Kila fundi umeme wa Maryland angebeba leseni moja tu, ya jimbo zima, na lile dirisha la ofisi ya kaunti, ghorofa ya pili, ambako Benadetha alikwenda kuhuisha kadi yake lingefungwa. Akamuuliza kama alishatuma fomu zake.

Benadetha akajibu kwamba ziko njiani.

Hazikuwa njiani. Zilikuwa juu ya friji, nyumbani kwake Bowie, chini ya kopo la majani ya chai, na zilikuwa zimelala hapo wiki kumi na moja.

Akipanda ngazi kuondoka, mkaguzi alimwambia kwamba angalau sasa ataweza kufanya kazi popote, kuanzia milimani hadi baharini. Alikuwa anamtakia heri. Benadetha alishukuru, akarudisha kifuniko cha paneli mahali pake, akakaza skrubu sita moja baada ya nyingine.

Kwa miaka kumi na tano dunia yake ilikuwa na mwisho unaojulikana. Kulikuwa na barabara moja pana, mpaka wa kaunti. Upande wa huku alikuwa fundi mwenye leseni, upande wa kule alikuwa mwanamke mwenye mfuko wa vyombo. Mteja akimwita aende kwa dada yake aliyehamia ng'ambo ya barabara ile, alikataa, akabembelezwa, akakataa tena. Aliujua mpaka ule kuliko walioandika ramani. Wala hakuuchukia. Mtu anayeishi peke yake hupenda kuwa na sababu ya kutokwenda mahali.

Na alikuwa anaishi peke yake kweli. Binti yake, Edna, alikuwa Texas na maisha yake. Alipiga simu Jumapili baada ya chakula cha mchana, mama akiuliza kwa Kiswahili, mtoto akijibu kwa Kiingereza, na kila mmoja akimwelewa mwenzake vizuri tu. Simu ikikatwa, nyumba ilirudi kunyamaza kana kwamba simu ile ilikuwa ya jirani. Zamani alikuwa akienda misa ya Kiswahili, akiimba sauti ya pili. Sasa Jumapili alipanga nyaya kwenye gari lake kwa rangi.

Jioni ile alishusha fomu kutoka juu ya friji. Ukurasa wa kwanza na wa pili ulikuwa umejaa tangu siku ulipofika. Wa tatu ulikuwa mtupu. Jimbo lilitaka uthibitisho wa saa elfu nane za uanagenzi, pamoja na jina na sahihi ya fundi mkuu aliyemsimamia. Alikuwa amepiga simu ofisi ya jimbo kuuliza kama kuna njia nyingine, akaambiwa kwamba mtihani wake wa kaunti ulikuwa wa aina ya zamani, hivyo bila saa zile kadi yake haibadilishiki. Alikuwa ameuliza pia, akijifanya ni swali la kupita tu, itakuwaje ikiwa fundi mkuu mwenyewe alinyang'anywa leseni baadaye. Karani akamjibu kwamba haidhuru, mradi alikuwa nayo katika miaka ile.

Alikuwa nayo. Jina lake lilikuwa Kipkemboi.

Mzee Kipkemboi, Mkenya kutoka upande wa Eldoret, ndiye aliyemchukua Benadetha mwaka ambao mafundi wengine saba walikuwa wamemtazama kuanzia kwenye kilemba hadi kwenye viatu na kumwambia wataona. Yeye hakumtazama. Alimpa koleo na kipande cha waya na kumwambia amenye ncha bila kuikata shaba. Alipomaliza, mzee aliuchukua ule waya, akaupitisha katikati ya vidole, akamwambia aje Jumatatu. Wakafanya kazi pamoja miaka minne. Walifunga nyaya mtaa mzima wa nyumba mpya za Bowie, nyumba arobaini na kitu zinazofanana kama sahani. Mchana walikula wamekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa, yeye akimfundisha hesabu za mtihani kwa kuchora sakafuni na penseli, na alipofaulu na kupata leseni ya kaunti, mzee alimnunulia mkanda wa vyombo kwa vile wa kwake ulikuwa wa mwanamume na ulimzidi kiuno.

Miaka sita baada ya hapo, Benadetha aliitwa kwenye nyumba moja ya mtaa uleule. Wenyewe walikuwa wanasikia harufu ya moshi ukutani. Alizima umeme, akakata jipsamu, na nyuma yake akakuta kiungo cha nyaya kilichofichwa bila kisanduku, kimefungwa tepu nyeusi tu, na ubao wa nyuma yake umeungua mahali pa ukubwa wa kiganja. Watoto wawili walikuwa wanalala chumba cha juu yake. Aliitazama ile tepu. Ncha yake ilikuwa imekunjwa kidogo, kama sikio la ukurasa, ili fundi atakayekuja baadaye apate pa kuvutia. Alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akikunja hivyo.

Mkaguzi aliyekuja, siye huyu wa sasa, aliuliza nani alifunga nyaya za nyumba hii. Benadetha angeweza kusema hajui. Karatasi za kaunti zingemtaja mzee vilevile, lakini ingechukua muda, na mdomo usingekuwa wake. Alisema jina. Alisema pia jambo la tepu.

Baraza la leseni lilimwita Kipkemboi, na kwa jinsi Benadetha alivyosikia, mzee alisimama mbele yao, akaulizwa kama ana la kusema, akasema hana. Wakaichukua kadi yake. Watu wa misa ya Kiswahili, Watanzania kwa Wakenya, walisema kwamba Benadetha amemuuza mwalimu wake ili arithi wateja. Wateja, kwa kweli, walimjia. Hakuna aliyemgombeza usoni. Waliacha tu kumsogelea kwenye benchi, na kuna namna ya kupeana amani kwa ncha za vidole ambayo mtu akiipata mara tatu nne huona heri abaki nyumbani. Kwa mzee hakwenda. Mwanzo alikuwa akingoja hasira zipoe. Baadaye alikuwa akingoja apate neno la kuanzia. Halafu miaka ikawa tisa.

Jumamosi asubuhi aliweka fomu kwenye bahasha, akapitia duka la Waafrika akanunua ndizi mbichi, maana huendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Habari za ugonjwa alikuwa amezisikia tangu mwaka uliopita: kiharusi, upande wa kulia, na kwamba anakaa kwa binti yake, katika mji wa Herndon. Alivuka mto Potomac akaingia jimbo la Virginia. Kule kadi iliyokuwa kwenye pochi yake haikuwa na maana yoyote, na haingekuwa nayo hata ikibadilishwa kuwa ya jimbo. Ndege zilikuwa zinashuka uwanja wa Dulles moja nyuma ya nyingine, chini sana, juu ya paa za maofisi.

Jerotich, binti wa mzee, alifungua mlango akiwa bado na sare za hospitali, ametoka zamu. Alikuwa msichana wa sekondari Benadetha alipomwona mara ya mwisho. Walitazamana.

"Umekuja kufanya nini, Anti?" aliuliza. Alilitamka neno anti kwa adabu kamili, jinsi mtu anavyomwekea sahani mgeni asiyempenda.

Benadetha alisema amekuja kumwona mzee, na kwamba ana jambo la kumwomba, na kwamba akiambiwa aondoke ataondoka. Jerotich aliangalia zile ndizi. Kisha akasogea kumpisha mlangoni, akamwambia avue viatu.

Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, mkono wa kulia umelala juu ya blanketi kama kitu alichoachiwa akitunze. Alikuwa amepungua. Benadetha alipiga goti kidogo, jinsi alivyolelewa.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu hadi Benadetha akadhani ugonjwa umemfuta kichwani mwake. Maneno ya mzee sasa yalitoka moja moja, kila moja likitafutiwa njia.

"Marahaba, Bena," akasema. Neno lile yeye mtu wa Eldoret alikuwa amejifunza kwa Benadetha, juu ya zile ndoo.

Benadetha alieleza kilichomleta. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akiitoa fomu na kuirudisha. Kwamba leseni za kaunti zinakwisha, kwamba jimbo linataka saa elfu nane, kwamba bila sahihi yake kuanzia mwezi ujao hatakuwa fundi tena bali msaidizi wa mtu. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Halafu akamwambia Jerotich amletee lile sanduku la chini ya kitanda.

Lilikuwa sanduku la viatu, na ndani yake mlikuwa na madaftari manne ya jalada gumu, moja kwa kila mwaka. Benadetha alikuwa ameyasahau. Kila jioni, kabla hawajawasha gari, mzee aliandika: tarehe, nyumba, chumba, nani amefanya nini, saa ngapi. Benadetha alikuwa akimtania kwamba anaandika barua kwa mchumba. Alipoyaona sasa alishikwa na furaha ya ghafla, maana zile saa alizohangaika kuzikumbuka zilikuwepo zote, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Aliomba kuyapitia. Akakaa sakafuni, akafungua la pili, akaanza kujumlisha kwenye karatasi.

Alifika mwezi wa nane wa mwaka ule bila kufikiria chochote. Kisha akaona namba ya nyumba.

Ilikuwa ile nyumba. Mzee alikuwa ameandika vyumba vyake mstari kwa mstari. Jikoni, K. Ghorofa ya juu, K. Chumba cha chini, ukuta wa mashariki, B.W., saa saba.

Aliusoma mstari ule mara nyingi. Jerotich alikuwa jikoni akimenya ndizi. Kisu kilisikika kikigonga ubao. Benadetha alijaribu kuikumbuka siku ile na hakuweza. Nyumba arobaini, zinazofanana kama sahani. Lazima waya ulikuwa mfupi, akaunga, akakusudia kurudi kuweka kisanduku, wakaja watu wa jipsamu wakafunga ukuta. Au hakukusudia. Alikuwa mwanagenzi, amechoka, mtoto yuko kwa jirani. Hakukumbuka chochote.

"Tepu ilikuwa imekunjwa," alisema bila kuinua kichwa. "Nikajua ni mkono wako."

"Hiyo ya kukunja," mzee akasema, "nilitoa kwako. Ulisema baba yako alikuwa anafunga redio hivyo. Huko Musoma."

Ndipo ikamjia, siyo nyumba ile, bali meza ya baba yake, redio zilizofunguliwa matumbo, na kidole gumba cha baba kikikunja ncha ya tepu na kuikandamiza. Alikuwa amepoteza hiyo picha. Ule mkunjo wa baba alikuwa amempa mtu mwingine.

"Ulijua, Mzee. Siku ya baraza ulijua."

"Niliangalia daftari usiku uliotangulia."

"Na ukanyamaza."

Mzee alipumua. "Leseni ilikuwa yangu, Bena. Mwanagenzi hana makosa. Makosa ni ya mwenye kadi, ndiyo maana wanampatia." Akapumzika. "Hiyo siku nilifaa kuja niangalie kabla wafunge ukuta. Sikuja. Nilikuwa kwa nyumba ingine."

Benadetha aliliweka daftari mapajani. Mzee aliendelea kutafuta maneno yake. Alichomwambia baadaye, kwa vipande, ni kwamba baada ya baraza alihamia huku pamoja na binti yake, akidhani atafanya mtihani wa Virginia, lakini umri ulikuwa umekwenda. Akapata kazi ya kubadilisha taa kwenye jengo la maofisi Arlington. Kijana wa miaka ishirini na tano ndiye aliyekuwa na leseni. Mzee alimshikia ngazi. Miaka mitano. Alikuwa akiona kosa darini, anamwambia kijana, kijana anasema asante babu, na anaacha.

"Sikukasirika juu ya kusema," alisema mwishoni. "Ulisema ukweli vile uliujua. Watoto walikuwa wanalala hapo juu. Kitu iliniuma ni hukukuja. Nilikuwa naangalia barabara. Nasema leo atakuja, nimwonyeshe daftari, tucheke."

Jikoni kisu kilikuwa kimenyamaza. Jerotich alikuwa amesimama mlangoni mikono imelowa, na ilionekana wazi kwamba na yeye habari hii alikuwa haijui. Alirudi jikoni, na baada ya muda maji yakaanza kuchemka.

Kusaini kulichukua karibu nusu saa. Mkono wa kulia haukuweza, na wa kushoto haukuwahi kuandika. Benadetha aliishikilia fomu juu ya jalada la daftari ili isiteleze, na mzee akalivuta jina lake herufi kwa herufi, akitoka jasho, akikataa kusaidiwa. Lilipokamilika lilionekana kama mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Alilitazama, akauliza kama watalikubali. Benadetha akasema watalikubali. Walikula ndizi wote watatu, na mazungumzo yalikuwa ya hali ya hewa.

Mzee alimpa madaftari aende nayo, na nyumbani alimaliza kujumlisha. Saa zilikuwa elfu nane, mia moja na kumi na mbili. Ukiziondoa zile saba, zilitosha bado, na hakuna mtu angeuliza. Aliliweka daftari la pili mezani mbele yake siku mbili. Fomu ilikuwa na swali moja katika ukurasa wa pili, ambalo alilijibu miezi iliyopita bila kufikiri: je, mwombaji amewahi kufanya kazi iliyosababisha hatari kwa maisha ya watu. Alikuwa ameweka alama kwenye hapana.

Siku ya mwisho ya mwezi alikwenda kwenye dirisha la ghorofa ya pili. Karani wake alikuwa Abigail, aliyemjua kwa jina tangu kadi ya kwanza. Maboksi yalikuwa yamejaa nyuma yake na kalenda ilishatolewa ukutani. Benadetha alimkabidhi barua. Alikuwa ameandika kwamba kiungo cha nyumba ile alikifunga yeye, akiwa mwanagenzi, na kwamba anaomba barua hii na nakala ya ukurasa wa daftari viwekwe kwenye jalada la fundi Kipkemboi. Nakala nyingine alikuwa ameiambatanisha na fomu ya jimbo, na alama ya hapana ameifuta, akaweka kwenye ndiyo.

Abigail aliisoma barua yote, taratibu. Alimwambia ukweli. Majalada yale yanakwenda ghalani kesho na hakuna baraza tena la kuyafungua. Mzee hatarudishiwa kitu. Jimbo, kwa upande wake, likiona ile ndiyo litaiweka fomu pembeni, ianze kuchunguzwa, na uchunguzi unaweza kuchukua miezi, na mwisho wake hakuna aujuaye. Akaisukuma ile barua kidogo upande wa Benadetha wa dirisha, akauliza kama ana hakika.

Benadetha aliirudisha. Abigail akaigonga mhuri wa kupokelewa, tarehe ya siku ile, na mhuri ule, alisema, ndio wa mwisho atakaougonga.

Kesho yake Benadetha hakuwa na leseni yoyote, ya kaunti wala ya jimbo. Aliwapigia wateja wake mmoja mmoja, akawaelekeza kwa Gwakisa, Mtanzania mwenzake mwenye kampuni ndogo ya umeme palepale Bowie, ambaye kadi yake ya jimbo ilikuwa imetoka mapema. Kisha akampigia Gwakisa mwenyewe, akamwomba kazi ya usaidizi. Gwakisa aliona aibu kwa niaba yake. Alimwita dada, akasema haiwezekani, akasema yeye mwenyewe alikuwa akimwogopa zamani. Mwishowe alikubali, na Jumatatu Benadetha, mwenye miaka hamsini na mitatu, alisimama chini akishika ngazi huku mwanamume mdogo kwake kwa miaka ishirini akifunga taa ya ukumbini. Alimwona anaacha skrubu moja bila kuikaza. Alingoja hadi aliposhuka. Kisha akamwambia, na Gwakisa akapanda tena akaikaza.

Barua ya jimbo ilikuja, ikisema fomu imepokelewa na inashughulikiwa. Ikaja nyingine inayosema vilevile.

Wiki ya tatu Jerotich alipiga simu. Hakuwa na maneno mengi. Mzee ana mazoezi ya mkono Arlington kila Alhamisi, zamu yake hospitali imebadilishwa, na hana mtu wa kumpeleka. Na mzee amekataa kupelekwa na gari la kukodi, amesema Bena ana gari. Benadetha alimwomba Gwakisa ruhusa ya Alhamisi kabla hata hajamjibu Jerotich.

Gari lake lilikuwa gari la kazi, lenye viti viwili tu mbele, na kile cha abiria kilikuwa kimebeba mizigo miaka mingi. Alitoa maboksi ya soketi, mizunguko ya waya, glavu, chupa tupu, risiti za vifaa. Chini ya yote kiti kilikuwa kipya, kitambaa chake bado kina rangi yake ya bluu. Alikipangusa kwa kitambaa chenye maji, akakaanga mandazi kidogo, akaondoka kungali mapema ili asichelewe.

Mzee alizungumza mpaka walipoiacha Herndon. Aliuliza kuhusu Gwakisa, kama anafunga vizuri, akacheka aliposikia habari ya skrubu. Akauliza kuhusu Edna. Baadaye sentensi zake zikawa na nafasi ndefu katikati, na walipofika Arlington Benadetha aligeuka akakuta kichwa chake kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, ule mkono mzito umemwangukia ubavuni.

Walikuwa wamewahi dakika arobaini. Alipata pa kuegesha mbele ya jengo la mazoezi, upande wenye jua, akazima gari. Wafanyakazi wa maofisi walikuwa wanapita kwa haraka kando ya barabara, kila mmoja na kitambulisho kikining'inia shingoni, kikigeuka kwa upepo, upande wa picha, upande mtupu. Hakuna aliyetazama ndani. Benadetha alinyoosha mkono taratibu, akaushika ule mkono wa mzee, akaurudisha mapajani pake. Ulikuwa wa moto kuliko alivyodhani. Hakumwamsha. Alikaa, vidole vyake bado juu ya vya mzee, akisikiliza anavyopumua, na kila pumzi ikiacha doa dogo la mvuke kwenye kioo, linafifia, linarudi.